Kwa Kaka Yako Usiende na Programu

Mwikali, mama yangu,

Wazee wa kanisa wametoka hapa sasa hivi. Vikombe vyao bado viko mezani, na cha mwenyekiti hakikuguswa hata kidogo. Wameondoka na hasira, mimi pia wameniacha nayo, na nimeona niandike kabla haijapoa, kwa sababu ikipoa nitakuwa mpole, na mimi nikiwa mpole huwa nasema uongo. Wewe uko nje na mama yako mnakunja nguo. Mambo ya blanketi, maji ya kuchemsha na kufuli la mlango sitayagusa. Hayo mama yako ameyarudia tangu asubuhi na nafikiri hata kuku wameyashika.

Kesho unatoka nyumbani. Unaenda Kambu kufundisha watoto wa chekechea, una chumba chako, una kazi yako, na mimi najivunia mpaka watu wa soko wamechoka kunisikiliza. Lakini kabla hujakwenda kuiona hiyo shule, utaenda kwa kaka yako Mutinda, huko huko Kambu. Hilo ndilo nimekaa kukuandikia.

Ule mfuko ulioletwa jana na dereva wa pikapu, wewe uliukuta umeshafunguliwa. Acha nikuambie jinsi ulivyofunguliwa, kwa sababu mama yako ni mwema na hatakuambia. Ndani mlikuwa na viatu vya Mutinda vya Jumapili, redio yake, na lile koti zuri alilonunua alipopata kazi ya uchomeleaji. Mimi nilifurahi. Nilisema, kijana amemkumbuka babake. Nikavivaa vile viatu papo hapo, nikatembea navyo kwenye veranda nikimwonyesha mama yako kwamba vinanitosha.

Mama yako hakucheka. Alisema, "Vua."

"Kwani vina nini?"

"Vua viatu vya mtoto, Baba Mutinda. Mtu hagawi koti lake na viatu vyake na redio yake siku moja hivi hivi. Huyu anaaga."

Nilimfokea. Nilimwambia ana maneno mabaya mdomoni. Halafu nikakaa chini kuvivua, kamba zikanishinda, mama yako akanimalizia. Mama yako alipompigia, akaweka simu kwa sauti ya juu. Mutinda akasema yuko sawa, viatu vilikuwa vinambana. Mama akanyamaza, hakukata simu. Akanyamaza mpaka Mutinda mwenyewe akasema, "Kama ni lazima mtu aje, mtume Mwikali. Baba na watu wake wasije. Wakija sitafungua mlango."

Nilisikia kwa masikio yangu. Baba na watu wake. Kioko, yule fundi mwenzake, amelala kwake jana na leo atalala tena. Amesingizia kwamba chumba chake kimeingia mchwa. Mungu amsamehe uongo huo na ambariki kwa huo huo. Kwa hiyo kesho ni wewe, na gari lako ni lile la kwanza.

Sasa kuhusu watu wangu.

Miezi mitatu iliyopita, Mutinda alipoacha kupiga simu Jumapili na Kioko akatuambia kwamba anakuja kazini, anachomelea, anarudi chumbani, hali na haongei, mama yako alitaka aende peke yake na ndizi za kupika. Mimi nilikataa. Mimi ni katibu wa wazee, au nilikuwa, na katibu hamtembelei mgonjwa kienyeji. Nikaitisha kikao. Tukaunda ujumbe wa watu tisa. Unajua jinsi sisi tunavyotembelea mtu: lazima kuwe na programu. Niliiandika mwenyewe kwenye karatasi ya daftari, kwa mwandiko wangu mzuri. Maombi ya kufungua. Wimbo. Kujitambulisha. Neno. Kuwekea mikono. Neno la shukrani kutoka kwa mwenyeji. Picha. Maombi ya kufunga.

Tulimkuta kwenye karakana, pale kando ya barabara kuu, malori yakipita na wateja wakingoja mageti yao. Hatukumuuliza kama ana nafasi. Mwenyekiti alitoa kofia akaanza kuomba, na watu wote tisa wakafumba macho. Mimi nilifungua yangu kidogo. Nilimwona mwanangu amesimama na ile miwani yake nyeusi ya kazi, hajaivua, na yule tajiri wake ameegemea mlango anatazama. Tukaimba. Mama Nduku akatoa ushuhuda wa kijana mwingine aliyekuwa na pepo wa huzuni akatolewa. Tukamwekea mikono. Tulipofika kwenye neno la shukrani, Mutinda alisema, "Asanteni kwa kuja. Niko sawa." Tukapiga makofi.

Halafu picha. Tulimweka katikati, ameshika unga na sukari tuliyomletea. Na mimi, Mwikali, baba yake mzazi, nikaiweka kwenye grupu la kanisa tukiwa bado njiani kurudi, nikaandika: "Leo tumemtembelea Mutinda wangu aliyekuwa anasumbuliwa na akili. Bwana amemponya. Haleluya." Watu wakajaza amina. Nilikuwa nazisoma moja moja nikitabasamu.

Kabla ya siku mbili kwisha picha ilikuwa imefika Kambu. Kule stendi walianza kumwita Haleluya. Mteja mmoja alichukua geti lake akapeleka kwingine, akasema hawezi kuacha kazi ya moto kwa mgonjwa wa akili. Haya aliniambia Kioko. Mutinda hakuniambia kitu. Alitoka tu kwenye grupu, na kutoka siku hiyo simu yangu hajaishika.

Ukiniuliza nilikuwa nafikiri nini, nitakujibu kwamba nilikuwa nafikiri nampenda. Nilikuwa nampenda hata nilipokuwa naandika ule upuzi. Usiende kwake ukidhani kupenda kunatosha, maana mimi nilikuwa nako tele.

Kuna jambo lingine ambalo hulijui, na leo nalitoa. Mwaka ule wa ukame, ulipokuwa darasa la sita, ng'ombe wetu walikufa wote isipokuwa yule ndama mwekundu. Wewe unakumbuka njaa. Hukumbuki mimi, kwa sababu nilijificha vizuri. Nilikuwa naenda sokoni kila siku ya mnada hapa Ikutha, nakaa kwenye kuta za zizi la mnada, sinunui, siuzi. Jumapili naongoza maombi, na sauti yangu ilikuwa nzuri kuliko miaka yote. Watu waliniambia imani yangu inawatia moyo. Na mimi nilikuwa nakwenda nyumbani nikiwa nimechagua siku.

Aliyeniona ni Abdi, yule mfanyabiashara wa mbuzi kutoka upande wa Garissa, ambaye mama yako hampendi kwa sababu anabishana bei mpaka chakula kinapoa. Hakuja kunitembelea. Alikuwa anapita na mbuzi zake, akasimama.

"Wewe mzee, hiyo mbuzi imepita mbele yako na hukushika mgongo yake. Mimi nakujua. Wewe unashika hata mbuzi ya kuchinjwa. Iko nini?"

"Niko sawa."

"Sikuuliza hiyo. Unalala?"

"Nalala."

"Saa ngapi unaamka?"

Nikageukia zizi. Akamwambia mtu wake achukue mbuzi, akapanda akakaa karibu na mimi ukutani. Halafu akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, vile angeuliza kama mbuzi ana mimba, "Unataka kufa?"

Nilimtukana. Nilimtukana kwa Kikamba na kwa Kiswahili na nikamtukania na ngamia zake.

"Tukana," akasema. "Maliza. Halafu jibu."

Nikasema, "Sijui." Hilo ndilo lilikuwa neno langu la kwanza la kweli mwaka ule wote. Abdi hakuomba, hakunishauri, hakuniambia wengine wamepoteza zaidi. Alisema, "Basi leo siuzi," akakaa na mimi mpaka soko likafungwa, tukizungumza juu ya mbuzi wa watu. Wiki iliyofuata alinipeleka hospitali Kitui, akanisubiri nje ya mlango. Nilipewa dawa. Nilizimeza miezi mingi, na nilizificha kwenye sanduku la dawa ya kupe kule bandani, mahali ambapo hakuna mtu angetafuta. Mama yako alizipata mwezi wa kwanza. Hakusema. Alikuwa anahakikisha tu kwamba zinapungua.

Mutinda alikuwa kidato cha kwanza. Nilimwambia nini? Nilimwambia mwanaume hukaza. Nilitembea mbele yake miaka yote hii nikiwa mtu mzima ambaye hajawahi kuanguka, na alipoanza kuanguka yeye, akadhani yeye ndiye wa kwanza katika nyumba hii. Halafu nikampelekea watu tisa wazima wamwombee. Ningeenda peke yangu nikamwambia maneno matatu tu, mimi pia mwanangu, pengine hizo nguo angekuwa anazivaa. Kosa langu kubwa ni hilo, kuliko hata picha. Mwambie. Mwambie habari ya sanduku la dawa ya kupe. Hiyo siri ilikuwa yangu na nimeivunja kwa mikono yangu mwenyewe, na mtu wa ukoo akija kulia kwamba tumeaibika, mlete kwangu.

Jana jioni jikoni ulinicheka nilipotaka tufanye mazoezi. Wewe uwe Mutinda, mimi niwe wewe. Nilikuuliza uko sawa, ukajibu niko sawa, nikabaki nimekodoa macho. "Baba, unaona?" ukasema. "Hapo umefunga mlango mwenyewe." Ni kweli. Hapa kwetu ukiulizwa ũvoo waku, unajibu nĩ mũseo, habari ni njema, hata kama paa linaungua. Hilo si jibu, ni adabu. Kwa hiyo muulize mambo ambayo hayana jibu la adabu. Alikula nini jana. Anaamka saa ngapi. Mara ya mwisho alicheka na nani. Na akinyamaza, muige mama yako kwenye simu. Ule unyamavu ulifanya kazi kuliko mahubiri yangu yote.

Halafu kuna lile swali lenyewe. Nilipojaribu kulisema jana nilikohoa, nikaenda kunywa maji, ukadhani ni moshi. Asubuhi ya leo nimekwenda kwa nesi wa hapa zahanati, nikamuuliza, je, msichana akimuuliza kakake kama anafikiria kujiua, si atakuwa amempa wazo? Nesi aliniangalia akasema, "Mzee, kama halimo hutalitia kwa kuuliza. Na kama limo, amelibeba peke yake, anangoja mtu asiyeogopa kulitaja." Basi nimekwenda bandani nikalisema mbele ya mbuzi, kwa sauti, mpaka likatoka bila kukwama. Mbuzi wamenitazama vibaya. Wewe lijaribu leo ukioga. Liseme kama lilivyo, usilizungushe, usimwulize kama anafikiria "mambo mabaya."

Na akikwambia ndiyo, usipige kelele wala usimwambie mama atakufa kwa uchungu. Usimwache hata dakika moja peke yake. Nesi amesema ahadi ya siri usimpe, kwa hiyo usimpe, hata akikuomba kwa machozi. Kioko ana pikipiki, atawapeleka hospitali nyote wawili, nimeshaongea naye na nesi ameniandikia mahali pa kwenda. Karatasi iko ndani ya bahasha hii. Kisha unipigie. Hata nikiwa nimesimama mbele ya watu, nitashika.

Asipofungua mlango, usimwone mbaya na usijione mbaya. Kaa nje uongee na mlango. Msimulie vile mama yako alivyonivua viatu. Lakini wewe ni dada yake, Mwikali, si daktari, na una watoto wa watu wanaokungoja Jumatatu. Ukiona umelemewa, sema umelemewa. Sitaki kutuma mtoto mmoja kumwinua mwingine halafu nipoteze wote wawili kwa sababu ya ukaidi wetu wa kusema tuko sawa.

Sasa wazee. Walikuja kwa sababu habari ya mfuko imeshafika kanisani, sijui kwa nani. Wamepanga kwenda Kambu Jumamosi na basi zima, akina mama wa sare, vijana wa kwaya, na spika.

"Ndugu yetu," mwenyekiti akaniambia, "mara ya kwanza tulikuwa wachache. Hii ni vita ya kiroho. Safari hii tuende na nguvu."

"Hamwendi," nikasema.

"Unakataa maombi?"

"Ombeni hapa. Mungu anajua Kambu iko wapi. Lakini mtu wa kanisa akikanyaga kwa mtoto wangu na simu mkononi, tutajuana."

Mzee mwingine akasema katibu hawezi kupinga uamuzi wa kikao, na kwamba labda nipumzishwe. Nikainuka nikamletea daftari la kumbukumbu na mhuri, nikaviweka karibu na chai yake. Nikamwambia mwenyekiti anitoe na kwenye grupu kabisa. Akashika simu akahangaika nayo, hakujua mtu anatolewa vipi, ikabidi nimwonyeshe mahali pa kubonyeza. Nikajitoa kwa kidole chake. Mama yako alikuwa mlangoni, na nilimwona amefunika mdomo kwa leso.

Usidhani nimemwacha Mungu. Nitaomba leo na kesho na nitakuwa kanisani Jumapili, kiti cha nyuma, wapende wasipende. Ila nimechoka kumsingizia Mungu uoga wangu.

Nina jambo la mwisho, na hili mama yako mwenyewe halijui. Mwezi uliopita nilipowaambia nakwenda Kwa Vonza kutazama fahali, sikwenda Kwa Vonza. Nilikwenda Kambu. Nilishukia upande wa pili wa barabara, mkabala na karakana. Nilimwona. Alikuwa amepiga magoti anachomelea dirisha la mtu, amekonda, shati limebaki kubwa. Nilikuwa nimejiandaa kuvuka nimwambie nimekosa, mwanangu. Maneno nilikuwa nayo yote. Malori yalipita, yakaisha, barabara ikawa nyeupe mpaka mtoto mchanga angevuka. Mimi sikuvuka. Nilisimama pale saa nzima, mtu mzima ninayeangusha fahali kwa mikono, halafu nikapanda gari nikarudi nikawaambia fahali alikuwa na kilema.

Karibu na mwisho aliinua ile miwani akapangusa uso, akatazama upande wangu. Sijui kama aliniona. Tangu siku hiyo nimejiuliza hilo kila nikiamka. Kama aliniona nimekuja mpaka pale halafu nikageuka, basi amekaa na jambo hilo mwezi mzima, na mimi ndiye niliyemtwika.

Kwa hiyo, ukishamsikiliza ya kwake yote, na mmekula, na umeona ana nguvu kidogo, muulize kama aliniona. Akisema hakuniona, mwambie nilikuwepo. Akisema aliniona, usinitetee. Mwambie baba amesema ni kweli, aligeuka, aliogopa. Na mwambie Jumamosi nitasimama pale pale tena, peke yangu, mikono mitupu. Sitavuka mpaka aninyooshee mkono. Asiponyoosha, nitarudi Jumamosi nyingine, na nyingine, na wenye malori watanizoea.

Mimi baba yenu,
wako na wa Mutinda.